Mashine Iliyosikika Nyuma ya Simu

Mkunga aliyenizalisha mtoto wangu wa mwisho alishtakiwa redioni Jumatatu asubuhi, na kabla jua halijapanda vizuri juu ya mabati ya Bugembe, pembeni ya mji wa Jinja, watu walikuwa wameshaacha kumwita sista. Walimwita mwizi wa dawa. Mimi nilikuwa kwenye cherehani nashona sare za shule, redio iko dirishani kama kila siku. Mtangazaji alisema Ijumaa kutakuwa na mkutano pale kituo cha afya, wakubwa watatoka mjini kuja kuamua kama huyo mama atabaki kazini au ataondoka. Halafu akafungua simu.

Wa kwanza alisema anapiga kutoka Iganga. Alimpeleka mke wake kwa mkunga huyo, akaombwa pesa ya dawa ambayo serikali hutoa bure. Wa pili alisema yuko Buwenge, dada yake aliachwa sakafuni. Wa tatu, mwanamke, alisema sasa anakaa Mbale lakini alizalia kwetu na mpaka leo ana uchungu moyoni. Wa nne hakueleza kitu, aliomba tu huyo mtu afungwe. Kila mara mtangazaji alijibu kwa ile sauti yake ya asali: pole sana, mwananchi, sauti yako imesikika.

Nilisimamisha mguu. Kulikuwa na kitu katika zile simu kilichonisumbua, na sikukijua mara moja. Nikadhani ni roho tu, kwa sababu yule mkunga tunasali naye. Yuko katika umoja wa kina mama wa kanisa letu, anakaa benchi la nyuma ili akiitwa atoke bila kusumbua watu. Nikasema, labda ni mapenzi yananiziba masikio. Lakini kushuku redio ni kitu nilichonyonya nyumbani.

Baba yangu alikuwa askari wa magereza Mbale. Yeye ni wa Teso, mama ni Mgisu, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Watu wengi nchini kwetu wakisikia Kiswahili wanakumbuka bunduki, maana ndiyo lugha ya wanajeshi. Sisi tulikuwa tunaombea chakula nacho. Redio ya baba ilikaa juu ya kabati, na kila taarifa ya habari ikiisha alikuwa anatoka nje kuangalia barabara. Redio ikisema nchi ina amani, anaangalia kama malori ya jeshi yanaelekea kaskazini. Ikisema sukari imefika, anamtuma mama dukani. Akirudi mikono mitupu baba anacheka peke yake, si kicheko cha furaha.

Alikuwa na sababu. Miaka ile wanajeshi walipotawala, kabla mimi sijazaliwa, redio ilikuwa moja tu, na serikali ilikuwa inasema na wafanyakazi wake humo humo. Mtu anapandishwa cheo redioni, anafukuzwa redioni. Siku moja mchana baba alikuwa ofisini kwa mkubwa wake, wanakula karanga kwenye karatasi moja, taarifa ikaanza. Likasomwa jina la mkubwa, kwamba amestaafishwa kwa faida ya umma. Baba alisema yule mzee alimaliza kutafuna kwanza. Akavua kofia, akaiweka mezani karibu na karanga, akauliza, "Huyo ni mimi?"

"Ndiyo, afande."

"Basi usiniite tena afande."

Kutoka siku ile baba akawa na swali moja, na sisi watoto tukalijua kama sala ya Baba Yetu. Redio ikisema lolote, anauliza: nani amempa? Alikuwa anasema msomaji hana kosa, yeye anasoma karatasi, wewe uliza ile karatasi nani amempa. Kitu kimoja tu alikiamini bila kuuliza, ni matangazo ya vifo. Akisikia fulani wa Nabuyonga, mtaa wetu pale Mbale, amefariki, anavaa koti na kwenda. Alisema tangazo la kifo ndiyo habari peke yake unayoweza kwenda kuiangalia kwa macho, maiti ikiwa imelala pale.

Nilipokuwa msichana redio zikaongezeka kama makanisa. Kila mji ukapata yake, kila lugha yake, halafu vikaja vipindi vya watu kuzungumza. Kulikuwa na wakati Jumamosi watu walikutana kwenye bustani ya baa, vipaza sauti mezani, wanabishana na serikali hewani huku wengine wanakunywa soda. Baba, ambaye hakukanyaga baa maisha yake yote, alikwenda mara mbili na kiti chake. Serikali ikaifunga ile mijadala, zikabaki simu. Wenzake walimwambia ni kitu kile kile, mwananchi bado anasema. Yeye akasema si kile kile. Pale bustanini ulimwona msemaji na viatu vyake. Kwenye simu unaona nini?

Mungu ana mzaha wake. Nikaolewa na mpiga simu.

Mume wangu alikuwa dereva katika kambi ya Kimaka. Alipotoka jeshini, mikono haikuwa na usukani tena, akashika simu. Kila asubuhi alipiga redioni, kwa Kiswahili cha kambi, akilalamika juu ya mashimo ya barabara, bei ya mafuta, vijana wanaoendesha boda bila taa. Watangazaji walimpenda. Walimwita Afande wa Kimaka. Akaingia katika chama cha wapigaji simu, maana wana chama, watu wa nje wakisikia hawaamini. Wana mwenyekiti, wana mweka hazina, wanatembeleana kwenye misiba. Siku mume wangu alipofariki, walikuja hata wale ambao sikuwahi kuona nyuso zao. Nilizijua sauti tu. Wapishi waliposhindwa, wao ndio walibeba maji. Mwenyekiti wao alilala kwetu kwenye majani mpaka tukazika, na redio siku ile ilimtaja marehemu kutwa nzima. Mwenyekiti huyo ana mashine ya kusaga posho, yaani unga wa mahindi, iko nyuma ya duka langu la kushonea, ukuta kwa ukuta.

Baada ya msiba nilirudi shule, masomo ya jioni, Jinja mjini. Tulikuwa watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa kazi ya nyumbani: sikiliza taarifa moja ya habari, useme nani amezungumza, na nani amezungumziwa. Nilidhani ni kazi ndogo. Nikagundua kwamba wanaozungumza ni wale wale, mkubwa wa polisi, mheshimiwa, mchungaji. Na wanaozungumziwa, mwizi, mjane, mchuuzi, wao hawafungui mdomo. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu kwamba nimeanza kusikiliza. Nilifurahi sana na ile alama. Nilidhani kujua kitu ni sawa na kukifanya.

Basi Jumanne asubuhi nikakaa kwenye cherehani, nguo mkononi, sishoni. Simu zikafunguliwa. Mtu alisema yuko Kamuli. Akaanza kusema juu ya mkunga, na nyuma ya maneno yake nikasikia ngurumo, na ndani ya ngurumo: pa. Kimya kidogo. Pa. Mwingine akasema yuko Iganga. Pa. Mwanamke wa Mbale akarudi, leo akasema yuko Tororo. Pa.

Nikatoa pini mdomoni.

Ule mlio ni wangu. Miezi iliyopita mkanda wa mashine ya posho ulikatika, na vile vibanio vya chuma havikupatikana mjini. Mwenyekiti akaniletea mkanda wenyewe, mzito kama chatu, akaniomba niushone. Cherehani haikuweza. Nilitoboa kwa msumari wa moto, nikashona kwa mkono kwa uzi wa kushonea viatu, nikapishanisha ncha mbili, ikatoka nundu. Mkanda ulifanya kazi, lakini kila nundu ikipita kwenye gurudumu inapiga: pa. Nilikuwa nausikia ukutani kwangu kutwa, mpaka nikawa siusikii tena. Na sasa nilikuwa nausikia mara mbili, ukutani na redioni, wa redioni ukichelewa kidogo kama mwangwi.

Nikavaa kitambaa kichwani, nikazunguka nyuma.

Walikuwa wamekaa kwenye stoo ya unga, watu wanne, nyusi nyeupe. Simu zao zilikuwa zinachajiwa kwenye waya mmoja. Yule mwanamke wa Mbale na Tororo alikuwa amekalia gunia anakula chapati; sauti aliigeuza hewani, lakini miguu yake niliijua: aliosha sufuria kwenye msiba wangu. Mwenyekiti alikuwa anapima mahindi ya mteja. Akaniona akacheka.

"Shemeji, umekuja kusaga au kutuombea?"

"Nimekuja kuangalia mkanda wangu."

"Mkanda hauna shida."

"Najua. Nimeusikia Iganga. Nimeusikia Kamuli na Tororo pia."

Mteja alicheka, akidhani ni mzaha. Mwenyekiti akampa unga wake, akangoja aondoke. Hakukana. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba. Redio inahitaji watu. Wasipopiga, yule kijana wa studio atazungumza peke yake mpaka saa nne. Na mtu akisema yuko Bugembe kila siku, wasikilizaji wanachoka, kwa hiyo wapigaji wanagawana miji. Hakuna aliyeumizwa na jina la mji.

Nikamwambia, na yule dada aliyeachwa sakafuni?

"Wako wanawake walioachwa sakafuni. Wewe hujui hilo? Hawana simu, shemeji. Sisi tunawapigia."

Na ni kweli wako. Nimewaona. Lakini nikakumbuka swali la nyumbani, nikamuuliza, "Nani amekupa?"

"Amenipa nini?"

"Maneno."

Akafungua swichi kubwa, mashine ikapanda sauti, ikabidi asogee karibu na sikio langu. Hakupandisha sauti yake hata hivyo. Alisema, "Tulimzika mume wako," akarudi kwenye mizani.

Niliomba sana jioni ile. Siombi kwa maneno mengi. Nilimwambia Bwana kwamba watu hawa walinibebea maji, na kwamba amri ya tisa, usimshuhudie jirani yako uongo, naijua, na vitu hivyo viwili havikai kwenye kiti kimoja. Asubuhi nikapiga simu redioni. Nilipiga na kupiga mpaka kidole kikauma. Mteja wangu alikuwa pale, dereva Mkenya wa lori, anangoja nimalizie suruali yake, ameketi na shuka kiunoni. Laini ikaingia. Mtangazaji alinijua, akafurahi, akasema mke wa Afande wetu wa Kimaka yuko hewani, karibu mama. Nikasema wale wote wanaomshtaki mkunga hawako Iganga wala Kamuli, wako nyuma ya ukuta wangu hapa Bugembe, na kama anataka kujua asikilize mashine ya...

Kwaya ikaanza kuimba. Wimbo wa dini, pengine kwa heshima yangu.

Mkenya akatikisa kichwa. "Mama, wamekukata," alisema. "Hata kwetu hukata. Lakini kwetu husema asante kwanza."

Ijumaa nilikwenda kituo cha afya na kina mama wa kanisa. Walikuwa wameweka tenti na viti vya plastiki. Mwandishi wa redio alishuka kwenye gari la wakubwa, kijana msafi, kipaza sauti kimevikwa sifongo jekundu. Nilimwendea kabla mkutano haujaanza. Nikamwomba aje Bugembe dakika chache tu, asimame dukani kwangu asikilize. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema, "Mama, mimi nachukua sauti za watu. Mashine haitoi habari." Nikaangalia lile gari. Baba angekuwa hai angeuliza kijana huyu atarudi mjini na gari la nani.

Nilipopewa nafasi, nikasimama. Sikumtetea mkunga, nilisema kile nilichokijua tu. Niliomba wale waliopiga simu wasimame tuwaone, waseme mbele yake. Watu wakageuza shingo. Mwenyekiti alikuwa mstari wa pili, anaangalia ndani ya kofia yake kama vile kuna kitu kimeandikwa. Hakuna aliyesimama. Mkubwa wa meza akasema wananchi wanaogopa kulipiziwa kisasi, ndiyo maana wanatumia redio, ndiyo faida ya redio, mama kaa chini.

Halafu mkunga akasimama mwenyewe. Alikuwa amevaa sare yake nyeupe, mkoba mkononi. Sisi kina mama tukapiga vigelegele kumpa nguvu, virefu, mimi wa kwanza. Mkubwa akanyoosha kiganja. Akasema sista atapewa nafasi yake mbele ya kamati, siyo hapa, hapa si mahakama. Mkunga akabaki amesimama kidogo na mkoba wake. Akakaa. Kisha wakasoma uamuzi: anaondolewa kazini kwanza, uchunguzi utafanywa. Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliinuka kimya, mzee mmoja anatafuta kandambili yake chini ya viti.

Jioni nikafungua habari. Yule kijana alisoma vizuri, Kiswahili chake kimenyooka. Alisema mkunga aliyelalamikiwa na wananchi kutoka wilaya nyingi amesimamishwa, na kwamba uamuzi huo ulipokelewa na wakazi kwa shangwe. Halafu akatuwekea shangwe yenyewe tuisikie.

Vilikuwa vigelegele vyetu. Cha kwanza kilikuwa changu. Nakijua, tangu nilipong'olewa jino la mbele kinakatika katikati na kurudi. Nilikaa na sahani mapajani nikajisikiliza nikimfurahia rafiki yangu akifukuzwa. Juma lile lote nilikuwa nasema wengine wanashuhudia uongo, na sasa nchi nzima ilinisikia mimi, na sauti ni yangu kweli, hakuna aliyeigiza.

Jumatatu nikaenda kituo cha redio mjini. Askari wa getini alinihoji kuliko walivyowahi kumhoji mtu hewani. Mwishowe kijana akatoka, chai mkononi. Nilimweleza vile vigelegele vilikuwa vya nini, vilipigwa wakati gani. Alikumbuka, hakukataa. Alisema alipofika studio alihitaji sauti ya watu, na ile ndiyo aliyokuwa nayo.

"Vigelegele ni vigelegele, mama," akasema. "Havina chama."

Nikamwomba asahihishe. Akasema habari imeshapita, haiwezi kurudi. Kama nataka kusema kitu, kuna dirisha la matangazo, na matangazo yana bei. Nilimuuliza kama kwenye kazi yake kuna mahali anapoandika kwamba alikosea. Alifikiri kweli, sikuona dharau usoni kwake. Akasema hajawahi kuona.

Uchunguzi ulikwenda wapi, sijui. Ninayoyajua ni haya. Mbele ya kituo cha afya, upande wa pili wa barabara, lilifunguliwa duka la dawa, jipya, lenye vioo, na watu wanasema ni la ndugu wa mheshimiwa wetu wa bungeni. Watu wanasema mengi, na mimi sasa nikisikia "watu wanasema" natafuta pa kukaa. Na mashine ya posho ikapata mkanda mpya, wa kiwandani, usio na mshono. Siku ile mlio uliponyamaza ukutani nilishtuka kama mtu aliyeitwa. Mwenyekiti bado ananisalimia, bado ananiita shemeji. Simu za asubuhi zinaendelea, kutoka miji yote, na nyuma yao siku hizi hakuna kitu, ngurumo tu inayoweza kuwa gari lolote.

Kwa mkunga sikwenda. Alihama kabla ya mwezi kuisha, na nilikuwa nimeshamwombea, nimeshasimama kwa ajili yake, nilidhani yangu nimeyafanya.

Mwaka huu mama yangu alizidiwa na presha, nikaenda kumwangalia Nabuyonga, katika nyumba ya baba. Dawa zilikuwa zimemwishia. Jirani akasema karibu na shule kuna mama mpya anauza dawa, mpole, anajua kupima. Nikaenda na lile jina la dawa mdomoni nisilisahau. Dirisha lilikuwa dogo, lina nyavu, redio ndogo inaimba ndani. Akainua uso. Ni yeye.

Hakushangaa. Aliuliza habari za mtoto aliyenizalisha, kwa jina. Akanipa benchi. Nikaanza kumweleza habari za mashine, mkanda, mwenyekiti, vile vigelegele, nikijisikia kama mtu anayeleta zawadi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anafuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Kumbe ulisikia mpaka mashine," alisema. "Mimi hukunisikia."

Nikasema sikuelewa.

"Redio hawakuniuliza. Wale wakubwa hawakuniuliza. Ninyi mlinipigia vigelegele, mkakaa. Jumapili mbili nilikaa na ninyi kanisani kabla sijaondoka. Hata wewe hukuniuliza kama niliuza dawa."

Nilitaka kusema kwamba sikuuliza kwa sababu nilimwamini. Lakini nilikuwa na baba ndani yangu, na baba angejua kwamba huo si ukweli wote. Sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Nilikuwa na uongo wa wapigaji simu mkononi, mzuri, umekamilika, na sikutaka mtu auguse.

"Sasa nakuuliza," nikasema.

Akaeleza. Glavu zilikuwa hazifiki. Miezi mingi zilikuwa hazifiki, na mkunga bila glavu anamzalisha mama na kifo chake mwenyewe mkononi. Akawa ananunua dukani kwa pesa yake, halafu anawaomba kina mama wamrudishie. Wengine walirudisha, wengine walikasirika, na aliyekasirika alikuwa na haki, maana ukutani imeandikwa bure. Alipiga ripoti juu ya glavu. Alikwenda mpaka redioni, kwenye lile lile geti, kuwaomba waje waangalie kabati tupu. Waliandika namba yake ya simu. Juma lililofuata ndipo wakaanza kumtaja.

Hiyo ndiyo habari, nilifikiri. Ilikuwa imekaa pale kabatini, ingechukua swali moja.

Nilimwamini? Juu ya glavu nilimwamini, kwa sababu mtoto wangu alizaliwa mikononi mwake na nakumbuka alipasua pakiti mpya, na nakumbuka nilimpa kitu kidogo baadaye bila kufikiri. Lakini macho yangu yalikuwa yameshapanda kwenye rafu. Maboksi yake ya dawa yalikuwa yamepangwa vizuri, na mengi yalikuwa hayana vifuniko. Vimechanwa, pale pale ambapo serikali hupiga muhuri wake kwamba dawa hii haiuzwi. Alinihesabia vidonge vya mama, vikiwa bado kwenye karatasi yake ya kiwandani, akavitia kwenye bahasha ndogo, nikalipa, nikatoka.

Nje nikafanya kama baba, nikasimama nikaangalia barabara. Wanafunzi, mbuzi, mwanamke anakaanga mihogo. Barabara haikuniambia kitu. Nikageuza bahasha, nikageuza karatasi ya vidonge: haina muhuri. Kukosa muhuri nako si ushahidi, duka jipya la vioo kule kwetu nalo lina maboksi ambayo sikuwahi kuyaangalia vifuniko. Mama alivimeza na uji bila kuuliza vimetoka wapi, akalala vizuri.

Asubuhi nikarudi pale dirishani. Hakuna dawa niliyohitaji. Nikakaa kwenye benchi, nikamwambia nina muda mpaka jioni, aanze mwanzo kabisa, siku ya kwanza glavu zilipokosekana. Na nikamwambia kwamba maboksi nimeyaona, hayo pia nitauliza.

Alinitazama kupitia nyavu. Sijui kama alikuwa amekasirika au alikuwa anapumzika.

"Uliza," alisema, akanyoosha mkono kwenye redio. Aliipunguza sauti tu. Hakuizima, kwa sababu ilikuwa karibu saa ya matangazo ya vifo.